Kebo za Fusae na Upande wa Kushoto

Katika kiwanda cha vyombo vya kupimia kilichokuwa kando ya ziwa, pale Okaya nchini Japani, watu walimjua Fusae Komiyama kwa mikono kabla hawajamjua kwa jina. Alikaa pale miaka ishirini na sita, mbele ya meza ileile, akilehemu nyaya nyembamba kama unywele, na wasimamizi walipotaka kuwaonyesha wageni kazi safi waliwapitisha kwake. Yeye hakuona ajabu yoyote. Kwake waya ulikuwa na hali mbili tu: unapitisha au haupitishi. Ukipitisha unaufunika, unauweka kando, unachukua mwingine.

Lakini dunia ina mizaha yake. Mwanamke huyo ndiye aliyeolewa na Tetsuro, mwanamume aliyeamini kwamba waya una tabia, tena una kinyongo, na usipoutendea wema unaharibu muziki wa watu.

Tetsuro alikuwa fundi wa taa za ishara za reli. Alistaafu akiwa hajawahi kuchelewesha treni hata moja, jambo ambalo aliweza kulitaja mara tatu katika mlo mmoja. Baada ya kustaafu alihamia, kwa maana ya kweli ya neno, katika chumba cha nyuma chenye nafasi ya mikeka minane. Humo mlikuwa na spika mbili zilizomfika kifuani, mashine ya santuri juu ya jiwe zito, amplifaya ya kukuzia sauti, ya kizamani yenye taa za kioo, na kiti kimoja. Kimoja tu, katikati, mahali alipopapima kwa futi ya chuma. Nje uani aliweka nguzo yake mwenyewe ya umeme, ya zege, ili muziki wake usinywe chungu kimoja na majokofu ya majirani. Kipenda roho hula nyama mbichi. Fusae hakugombana na ile nguzo. Kila vuli aliifunga kamba na kuanika matunda ya kaki, nayo yalikauka vizuri sana.

Kila Jumapili ya pili ya mwezi walikuja wenzake wanne wa chama cha wasikilizaji alichokiongoza, wazee wote, wa kwanza Yanagisawa mwenye duka la miso, kiungo cha soya cha supu. Walivua viatu, wakanywa chai, kisha wakafanya ibada yao: santuri moja, kebo moja, santuri ileile, kebo nyingine. Nani angebadilisha kebo? Magoti ya wazee hayakubali kupiga magoti nyuma ya kabati, na vidole vyao vilitetemeka. Kwa hiyo aliitwa Fusae. Yeye alijipenyeza nyuma ya kabati, akachomoa, akachomeka, akasema, “Tayari,” akarudi jikoni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukalia kile kiti. Hakukatazwa. Hakuna tu aliyewahi kumwambia, “Kaa.”

Santuri ya kupimia ilikuwa moja: mzee mmoja anapiga piano upande wa kushoto, mwanamke anapiga fidla kubwa upande wa kulia. Katikati ya sehemu ya polepole, kushoto kabisa, kuna mtu aliyesimama karibu na piano anamfunulia mpigaji karatasi ya muziki. Ni mchakacho mdogo, mfupi kuliko pumzi. Tetsuro alimpenda mtu huyo kuliko wapigaji wote wawili. Kila kebo mpya aliihukumu kwa mtu huyo. “Mmemsikia?” angewauliza wenzake, naye uso wake ungekuwa kama wa mtu aliyepishana na ndugu yake sokoni.

Kulikuwa na siri moja katika nyumba hiyo, na Fusae alikuwa nayo peke yake kwa miaka kumi na mmoja.

Jumapili moja Yanagisawa alikuja na kebo kutoka ng'ambo, imelala ndani ya kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitambaa laini. Walisikiliza kwanza kebo ya zamani. Kisha Fusae akaingia nyuma ya kabati na ile ya ng'ambo, na alipoishika tu, kichwa cha kebo kikamng'okea mkononi. Ilikuwa imelehemiwa ovyo, kazi ambayo kiwandani kwao isingepita hata mlangoni. Fusae aliona haya. Aliona watadhani ameivunja yeye, mali ya mgeni, tena ndani ya nyumba yake. Basi akaichomeka ileile ya zamani, ile ya ng'ambo akailaza juu yake ili ionekane, akasema, “Tayari.”

Wazee wakasikiliza. Santuri ilipokwisha, mmoja akasema pazia limefunuliwa. Mwingine akasema ameisikia mbao ya fidla. Yanagisawa alifuta macho, na Tetsuro akasema kwamba yule mfunua karatasi leo amesogea mbele hatua mbili.

Jioni ile Fusae aliilehemu upya kebo ya watu kwa dakika kumi na kuirudisha kisandukuni, na hakusema kitu. Angeweza kusema. Lakini wiki iliyofuata Tetsuro alikuja jikoni, jambo la nadra, akasimama mlangoni, akasema anataka kebo nzuri kama ile, na katika mji mzima hamjui mtu mwenye mikono ya kuitengeneza isipokuwa mkewe. Alikuwa hajawahi kumsifu hivyo, si siku ya harusi, si alipomzaa Chinatsu. Fusae akatoa chuma chake cha kulehemia kabatini. Tangu siku hiyo alimtengenezea kebo ishirini na tatu, naye akizisikiliza moja moja na kumwambia hii ina joto, hii imetulia, hii ina haraka kidogo. Fusae alijua hazitofautiani. Alizifurahia hata hivyo, kwa sababu zilikuwa ndiyo mazungumzo yao.

Matatizo yalianza Jumapili moja mwishoni mwa Januari, ziwa likiwa limeganda mpaka katikati. Tetsuro aliketi kitini saa nne kasoro dakika tano asubuhi, akaweka santuri yake, na mfunua karatasi hakuwepo. Piano yenyewe ilikuwa imerudi nyuma, kama imefunikwa blanketi. Juu yake kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma. Akaita.

“Mama Chinatsu, hii lehemu yako ya kushoto vipi?”

Fusae alikuja na mita yake, akapima kebo yote, akasema inapitisha.

“Kupitisha inapitisha,” Tetsuro akasema. “Sijakuuliza kama inapitisha.”

Mtu wa reli ana utaratibu wake, na Tetsuro aliufuata kama yuko kazini. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usitaje mkosaji kabla hujavibadilisha vyote. Jumatatu kebo ya kulia aliileta kushoto, ya kushoto akaipeleka kulia. Ubovu ukabaki kushoto. Jumatano Yanagisawa alikuja kumsaidia kubadilishana spika mahali, wazee wawili wakisukuma sanduku kama wanahamisha maiti ya tembo. Ubovu ukabaki kushoto. Ijumaa akaazima amplifaya. Kushoto tena. Jambo moja tu hakulifanya, kuvusha sauti za santuri yenyewe, kwa sababu piano waliirekodi kushoto, na kuipeleka kulia kwake ilikuwa sawa na kuvaa viatu mguu kinyume. Yanagisawa alimtania kwamba sasa kilichobaki ni kubadilisha mke. Tetsuro hakucheka, na Fusae aliona kwamba hakuchukia pia. Hakuwa amesikia. Yanagisawa alikuwa amesimama kushoto kwake.

Hapo ndipo Fusae alipoanza kujumlisha mambo. Jumamosi alimwekea achari ya majani akiwa upande wake wa kushoto, akamwambia ni ya jirani, imezidi chumvi. Mume wake akaila, akashangaa, akauliza kwa nini leo ametia chumvi hivi. Simu alikuwa anaipokea kwa sikio la kulia, yeye ambaye maisha yake yote alishika simu kushoto ili mkono wa kulia uandike. Jumatatu alizima swichi kuu ya nyumba ili kubadilisha taa ya bafuni, na Tetsuro, amekaa chumbani mwake gizani pasipo kifaa hata kimoja kinachowaka, akamwambia mlio bado upo.

“Umeme umezimwa wote, Baba.”

“Basi ni waya wa ukutani. Unabaki na kitu ndani yake. Nitamwita fundi aje aangalie nguzo.”

Fusae alisimama ukumbini na taa ya bafuni mkononi. Pale kiwandani alikuwa na rafiki, Kinuyo, meza ya jirani. Kinuyo aliamka siku moja sikio moja limeziba, akadhani ni nta, akasubiri mwezi mzima, na alipokwenda hospitali, daktari alimwambia sikio la namna hiyo lina siku zake, kama wiki mbili hivi, na zikipita halirudi tena. Halikurudi. Kinuyo sasa hukaa pembeni ya kila karamu akitabasamu kwa watu asiowasikia.

Akahesabu. Zilikuwa siku nane.

Siku ya tisa alimwambia mumewe waende kwa daktari wa masikio. Tetsuro alimjibu kwa upole kwamba masikio yake anayajua, kwamba uzee ukija unakuja pande zote mbili, hauchagui kushoto, na kwamba Yanagisawa ameshaagiza kebo mpya, nene, inafika Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya kumi na tano. Siku ya kumi akamwambia tena. Mara hii akajibiwa bila upole. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili, mwenyewe alikuwa ameamua kuwa ni waya.

Usiku huo Fusae alilala vibaya, na kilichomchoma si ukaidi wa mumewe. Ukaidi aliuzoea. Kilichomchoma ni kwamba imani ile alikuwa ameilisha yeye mwenyewe, kebo baada ya kebo, kwa sababu alipenda kusifiwa. Angesema ukweli siku ile ya kisanduku, mzee huyu leo asingekuwa anatafuta sikio lake ndani ya ukuta.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Baada ya supu ya asubuhi alimfuata chumbani, akapiga magoti upande wa kulia wa kiti ili asikike.

“Nina jambo la zamani,” akasema. “Ile kebo ya ng'ambo ya Yanagisawa, miaka kumi na mmoja sasa. Sikuichomeka.”

Tetsuro alimwangalia.

“Kichwa kiling'oka. Niliona haya. Mlichosikiliza mara ya pili ni kebo ileile mliyosikiliza mara ya kwanza.”

“Mfunua karatasi alisogea,” Tetsuro akasema polepole. “Nilimsikia mimi.”

“Hakusogea, Baba.”

“Miaka kumi na mmoja umekaa jikoni unatucheka.”

“Sijacheka hata siku moja. Nilitengeneza ishirini na tatu. Mtu anayecheka hatengenezi ishirini na tatu.”

Tetsuro aligeukia spika zake. Masikio yake yote mawili, zima na bovu, yalikuwa yamewiva mekundu. Fusae alijua amemkata mahali pabaya, na aliumia kumwona hivyo, lakini alikuwa ameshakuja mpaka hapo na siku hazikuwa zikimsubiri.

“Kazini kwenu reli mlikuwa mnasemaje?” akauliza. “Usitaje mkosaji kabla hujabadilisha vyote. Umebadilisha kebo, umebadilisha spika, umebadilisha amplifaya. Kimoja bado.”

“Kipi?”

“Inuka.”

Akainuka. Fusae alikishika kile kiti kilichopimwa kwa futi ya chuma, kiti kisichosogezwa hata wakati wa kufagia, akakigeuza. Mgongo wake ukatazama spika, uso wake ukatazama ukuta wenye kalenda ya duka la miso. Miguu yake iliacha alama nne zilizobonyea mkekani.

“Kaa.”

Hapo angeweza kukataa. Mume angeweza kukataa, na mwenyekiti wa chama cha wasikilizaji angekataa bila shaka. Lakini fundi wa ishara za reli hakuweza, kwa sababu jaribio lilikuwa halali. Aliketi akitazama kalenda. Fusae akaweka sindano kwenye santuri.

Fidla ikalia, mara hii upande ule mwingine. Piano ikaja. Tetsuro alikaza shingo, na Fusae akaona mkono wake wa kulia umeshika kishikio cha kiti. Sehemu ya polepole ikafika. Karatasi ikafunuliwa.

Tetsuro aliligusa sikio lake la kulia kama mtu aliyeguswa na inzi. Kisha akaligusa la kushoto, akaliziba kwa kiganja, akalizibua, akaliziba tena. Mfunua karatasi alikuwa amehamia kulia pamoja na spika. Mlio ulibaki kushoto, pale pale ulipokuwa, ndani.

Santuri ilikwisha na sindano ikawa inazunguka bure. Fusae hakuiinua.

“Kebo ni nzima,” Tetsuro akasema hatimaye, akiiambia kalenda.

“Nzima.”

“Lehemu yako haina neno.”

“Haina.”

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu mama yake Tetsuro alipofariki, “Naogopa, Fusae.” Hakumwita mama Chinatsu.

“Mimi pia,” akasema. “Vaa koti.”

Alhamisi zahanati nyingi za mji hufunga. Fusae alipiga simu mbili zikaita bure. Ya tatu, upande wa pili wa ziwa, ikapokelewa. Aliendesha gari mwenyewe juu ya theluji, mumewe akiwa pembeni yake, na kwa bahati kiti cha abiria kilikuwa kushoto, kwa hiyo sikio lake zima ndilo lililokuwa upande wa mkewe. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sweta ya njano. Alimfungia ndani ya kijumba cha kupimia, akamtoa, akamwonyesha mchoro: mstari wa kulia ulikwenda sawa, wa kushoto uliporomoka. Akauliza lilianza lini.

“Jumapili ya juzi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi.”

Daktari alisema ni nadra kupata mgonjwa anayejua dakika. Akauliza, sasa siku kumi na moja hizi alikuwa anafanya nini.

“Nilikuwa napima kebo,” Tetsuro akasema.

Daktari alimtazama Fusae kuona kama mzee ana akili timamu. Fusae akainamisha kichwa, akasema ni kweli. Wakapewa vidonge vya kuanza hapohapo, wakaambiwa wengine hupona, wengine hupona nusu, wengine hawaponi kabisa, na kwamba kama wangesubiri hadi wiki ijayo asingekuwa na la kuwaambia.

Tetsuro alipona nusu. Mlio ulipungua ukawa kama jokofu la chumba cha pili. Sauti za watu zilirudi upande wa kushoto, na utani wa Yanagisawa ukarudi nazo, kwa bahati mbaya. Vitu vidogo havikurudi. Februari chama hakikukutana. Machi walikuja wote wanne, na Tetsuro aliwaeleza kila kitu wakiwa wameketi, kuanzia sikio hadi kisanduku cha mbao, bila kuruka. Fusae, amesimama na sinia la chai mlangoni, alitamani ardhi immeze. Yanagisawa alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata siku ile alihisi ile kebo ya ng'ambo ina ladha ya nyumbani. Wenzake walimcheka mpaka chai ikamwagika. Hawakuacha kuamini kebo, nisiwasingizie. Mmoja wao alikuwa na mpya ndani ya begi lake siku ileile.

Wakati wa santuri ulipofika, Fusae alielekea nyuma ya kabati kama kawaida yake.

“Sio huko,” Tetsuro akasema. Kiti kilikuwa kimerudi katika alama zake nne, nacho kilikuwa kitupu. “Kaa hapa.”

Aliweka sinia chini na kuketi. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Mumewe alisimama kushoto kwake, akainama kidogo, sikio lake zima karibu na mdomo wa mkewe, na sindano ikashuka. Miaka thelathini na nne ya ndoa yao muziki huu ulikuwa ukimfikia kupitia ukuta wa jikoni. Sasa piano ilikuwa hapa, fidla pale, na katikati yake hewa tupu ambayo mtu angeweza kupita.

Sehemu ya polepole ikaja. Wazee wakaacha kupumua. Tetsuro alikuwa anatazama spika ya kushoto kwa macho, kwa kuwa macho ndiyo aliyobaki nayo.

“Yupo?” akauliza.

“Bado.” Fusae aliinua kidole. Akasubiri. “Yupo. Kafunua sasa hivi.”